Kadi, Chuma na Kinywa: Kuwatafuta Wamiliki wa Awali wa Magari ya Zamani katika Viunga vya Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Tarehe 10 Agosti 1907, ofisa wa Kijerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari lililoundwa kwa maagizo maalumu katika kiwanda cha Gaggenau. Alifika Swakopmund, pwani ya Bahari ya Atlantiki, tarehe 1 Mei 1909. Safari hiyo inafahamika kwa kina kwa sababu Graetz mwenyewe aliiandikia kitabu. Mwenye gari, njia aliyopita na mikasa iliyolipata gari lake vimehifadhiwa pamoja.

Magari mengi yaliyoshushwa baadaye katika bandari ya Dar es Salaam hayakubahatika hivyo. Gari aina ya Morris Minor lililoegeshwa chini ya mwembe Mwananyamala, au Peugeot 404 lililopandishwa juu ya matofali Tandika, huwa na umri wa miaka hamsini au zaidi na limepita katika mikono mingi. Hata hivyo, anayetaka kujua mikono hiyo ni ya nani hukutana na jina moja tu kwenye kadi, na mara nyingine mwenye jina hilo hajaliona gari hilo kwa miongo kadhaa.

Makala hii inachunguza namna ya kuwatafuta wamiliki wa awali wa magari ya zamani katika viunga vya Dar es Salaam, hususani maeneo ya Kinondoni na Temeke, na inauliza utafutaji huo unafichua nini kuhusu historia ya jiji. Hoja yake ya msingi ni kwamba maisha ya gari la zamani yamehifadhiwa katika hazina tatu: kadi, chuma na kinywa. Kadi hueleza uhusiano wa gari na dola, chuma hueleza kazi lililofanya, na kinywa hueleza watu walioishi nalo. Pale hazina hizo zinapopingana ndipo mwanahistoria anapopaswa kusimama kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa kupingana huko kwenyewe ni ushahidi.

Mkabala uliotumika unatokana na rai ya Kopytoff (1986) kwamba kitu, kama alivyo mtu, kina wasifu wake: kinazaliwa, kinabadili hadhi, kinazeeka. Gewald na wenzake (2009) wameonesha umuhimu wa gari katika mabadiliko ya jamii za Kiafrika, na Grace (2021) amethibitisha kwamba historia ya gari nchini Tanzania haiwezi kuandikwa bila mafundi wa gereji. Makala hii inafuata njia hiyo kwa kuliangalia gari moja moja na mlolongo wa walioliita "gari langu".

2.0 Gari la Dola: Mlolongo Usiokatika

Ni vyema kuanza na gari ambalo historia yake haina utata. Katika Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam, taasisi iliyofunguliwa mwaka 1940 kwa jina la Mfalme George wa Tano, limehifadhiwa gari aina ya Rolls-Royce lililotumiwa kwanza na serikali ya kikoloni ya Uingereza na baadaye na Mwalimu Julius Nyerere. Mlolongo wake ni mfupi na unaeleweka. Tanganyika ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Sir Richard Turnbull, aliyekuwa Gavana wa mwisho, alibaki kuwa Gavana Mkuu hadi nchi ilipokuwa Jamhuri tarehe 9 Desemba 1962, na Nyerere akawa Rais. Hapakuwa na mauziano wala dalali. Dola ilirithi kutoka kwa dola, na gari likabaki kuwa la serikali huku aliyeketi kiti cha nyuma akibadilika.

Gari hilo linafundisha mambo mawili. Kwanza, mlolongo wa umiliki hudumu pale ambapo mmiliki ni taasisi yenye masijala. Pili, hata mlolongo kamili huacha watu nje. Maelezo ya kawaida ya gari hilo huwataja waliobebwa. Dereva aliyelishika usukani, fundi aliyeifungua injini na mtumishi aliyeling'arisha kila asubuhi si sehemu ya maelezo hayo. Kwa hiyo, tofauti kati ya Rolls-Royce la makumbusho na mkweche wa Tandika ni ya kiwango. Yote mawili yanakumbukwa kwa majina ya wenye mamlaka juu yake na kusahaulika kwa majina ya walioyafanya yatembee.

Upande wa pili wa harakati za Uhuru unaonesha sura nyingine. Chama cha TANU kilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954 hakikuwa na uwezo mkubwa wa kifedha. Simulizi za chama hicho zinamtaja Dossa Aziz, mmoja wa waasisi wake, kuwa alitoa gari lake litumike katika kazi za chama. Gari la mtu binafsi likawa chombo cha umma kwa neno la mdomo na kwa imani. Namna hiyo ya kupeana gari kwa neno, karatasi ikibaki nyuma, ndiyo iliyokuja kuwa desturi ya viunga vya jiji, japo kwa sababu tofauti.

3.0 Mwendo wa Gari kutoka Uzunguni hadi Uswahilini

Dar es Salaam ya kikoloni iligawanywa kwa rangi. Uzunguni kulikuwa upande wa Oyster Bay, Uhindini kulikuwa katikati ya mji, na Waafrika walipangiwa Kariakoo na Ilala. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia mji ulipanuka, na katika miaka ya 1950 maeneo kama Magomeni na Temeke yakaendelezwa kwa ajili ya makazi ya Waafrika. Ni Magomeni ambako Nyerere aliishi kabla ya Uhuru, na nyumba yake imehifadhiwa kama kumbukumbu ya taifa. Umiliki wa magari ulifuata mgawanyo huo. Magari mapya yalianza maisha Uzunguni na Uhindini, na yalipozeeka yakashuka kuelekea Uswahilini. Kuifuata njia ya gari moja ni sawa na kuvuka mipaka ambayo watu wenyewe walizuiwa kuivuka kwa urahisi.

Baada ya Uhuru, mwendo huo uliharakishwa na matukio makubwa ya kisiasa na kiuchumi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilifuatiwa na kutaifishwa kwa benki na makampuni makubwa, na mashirika ya umma yakaongezeka. Magari ya mashirika hayo yakabeba namba zilizoanza kwa herufi SU, kama ya serikali yalivyobeba namba zilizoanza kwa ST. Mwaka 1971 ikatungwa sheria ya kutwaa majengo, iliyowagusa hasa wafanyabiashara wenye asili ya Asia. Wengi wao walihamia Uingereza na Kanada, na udhibiti wa fedha za kigeni uliwafanya washindwe kuondoka na mali zao zote. Kuuza gari kwa haraka, kumwachia ndugu au kumkabidhi mfanyakazi wa siku nyingi kulikuwa miongoni mwa njia chache zilizobaki. Kila njia kati ya hizo iliacha alama tofauti kwenye karatasi, na mara nyingine haikuacha alama yoyote.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya dhiki. Bei ya mafuta ilipanda kuanzia mwaka 1973, na serikali ikazuia magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia alasiri. Wakati wa vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979, magari ya raia yalichukuliwa ili kusaidia usafirishaji wa askari na mahitaji yao. Spea zikawa adimu kwa sababu ya uhaba wa fedha za kigeni. Gari ambalo katika nchi nyingine lingetupwa, Dar es Salaam liliendelea kuishi kwa kukopa viungo vya mengine: giaboksi kutoka huku, kabureta kutoka kule, springi ya lori iliyokatwa na kupindwa upya. Biashara ilipoanza kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, na magari yaliyotumika kutoka Japani yakaja kuingia kwa wingi, magari ya Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani yalipoteza nafasi barabarani. Yakasukumwa pembezoni, hadi kwenye gereji za Keko, Tandika na Mwananyamala.

4.0 Kadi ya Gari na Mapengo Yake

Kadi ya gari ndiyo nyaraka ya kwanza anayoitafuta mtafiti. Inataja aina ya gari, rangi, namba ya chasisi, namba ya injini na jina la mmiliki. Uaminifu wake, hata hivyo, una mipaka mitatu.

Mpaka wa kwanza unatokana na kodi. Sheria ya mwaka 1972 inayohusu kodi ya usajili na uhamishaji wa magari iliufanya uhamishaji wa umiliki kuwa tendo la kulipia. Mnunuzi wa gari kuukuu, ambaye fedha zake zote zilikwishaishia kwa muuzaji na kwa fundi, alikuwa na kila sababu ya kuahirisha malipo hayo. Badala yake aliandikiana na muuzaji hati ya mauziano, wakati mwingine mbele ya wakili au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha akapokea kadi yenye jina la mwingine. Alipouza naye, aliikabidhi kadi hiyo hiyo. Gari likaweza kupita kwa watu wanne au watano huku dola ikimtambua mmoja. Kadi ya namna hiyo haisemi uongo. Imesimama tu katika siku ambayo mtu wa mwisho aliona inafaa kulipa.

Mpaka wa pili ni mabadiliko ya mifumo ya usajili. Katika enzi za kikoloni namba zilionesha mahali gari liliposajiliwa, na za Dar es Salaam zilianza kwa herufi DS. Baadaye mifumo ilibadilika. Mamlaka ya Mapato Tanzania ilianza kazi tarehe 1 Julai 1996, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaja mfumo wa herufi T, tarakimu tatu na herufi tatu. Gari lililosajiliwa upya lilipata kadi mpya na namba mpya. Kibao cha zamani kilichobaki kimepigiliwa ukutani mwa gereji kikawa ndicho kiungo pekee kati ya maisha mawili. Fundi aliyekitunza kama pambo alikuwa, bila kukusudia, mtunza nyaraka.

Mpaka wa tatu ni kupotea kwa kumbukumbu ndogondogo. Kwa miaka mingi kila gari lilitakiwa kulipiwa leseni ya mwaka na kubandikwa stika kwenye kioo cha mbele, hadi ada hiyo ilipofutwa mwaka 2017. Bima nayo ilikuwa na karatasi zake, na baada ya utaifishaji wa mwaka 1967 biashara hiyo ilikuwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa hadi soko lilipofunguliwa katika miaka ya 1990. Stika iliyosahaulika pembeni mwa kioo, au hati ya bima iliyokunjwa chini ya kiti, huweza kutaja mwaka na jina ambavyo kadi haivijui.

Pengo la kadi lina gharama kwa watu halisi. Gari linaposababisha ajali, anayetafutwa kwanza ni mwenye jina kwenye kadi, hata kama aliliuza miaka ishirini iliyopita. Mwenye jina anapofariki, gari huweza kuingizwa katika orodha ya mirathi na warithi wasiojua kuwa lilikwishauzwa, na mnunuzi halali akajikuta akimtafuta msimamizi wa mirathi. Mashauri ya aina hiyo ni ya Mahakama za Mwanzo na, tangu mwaka 2021, ya Kituo Jumuishi cha masuala ya familia kilichopo Temeke. Kwa mwanahistoria, majalada hayo ni hazina muhimu: ndani yake watu wasioandika vitabu hulazimika kueleza, kwa kiapo, gari lilitoka wapi na lilimfikia nani.

5.0 Chuma kama Nyaraka

Karatasi zinapokoma, mwili wa gari huendelea kusema. Chini ya rangi ya juu kuna rangi nyingine, na chini yake nyingine tena. Mlango uliokwanguliwa ili kupigwa puti huweza kufichua maandishi ya shirika lililokuwa na gari hilo kabla halijauzwa mnadani. Matundu juu ya paa huonesha kwamba lilifungwa keria ya kubebea mizigo. Dashibodi iliyotobolewa na kuzibwa huashiria kifaa kilichoondolewa. Chasisi iliyochomelewa mara mbili mahali pamoja hueleza barabara lilizopita na uzito liliobebeshwa.

Namba ndizo ushahidi mkubwa zaidi. Kabla ya mfumo wa kimataifa wa tarakimu na herufi 17 ulioenea kuanzia miaka ya 1980, kila kiwanda kilikuwa na utaratibu wake. Tarakimu za mwanzo za chasisi ya Land Rover za Series II, kwa mfano, zilitofautisha magari ya soko la Uingereza na yale ya kupelekwa nje. Namba ya injini isipolingana na kadi, maelezo mepesi ni kudhani wizi. Katika mazingira ya Dar es Salaam, maelezo ya kuanzia yanapaswa kuwa dhiki ya spea: injini ilikufa, na nyingine ikapatikana. Tofauti hiyo ya namba ni alama ya miaka ambayo kulitunza gari kulihitaji kuliunda upya.

Hapa hujitokeza jambo linalopaswa kuwashughulisha watafiti wa Kiafrika. Mwenye gari la Austin, Morris au Land Rover anaweza kuomba cheti cha kuzaliwa kwa gari lake kutoka taasisi ya urithi wa magari ya Gaydon, Uingereza, na akatajiwa tarehe ya kuundwa, rangi ya awali na mahali lilipopelekwa. Huduma kama hiyo hutolewa pia Wolfsburg, Ujerumani, kwa magari ya Volkswagen. Hivyo, siku chache ambazo gari lilikaa kiwandani Ulaya zinaweza kujulikana kwa barua moja, ilhali miaka hamsini liliyoishi Temeke haina ofisi ya kuiulizia. Cheti huishia bandarini. Historia ya gari kama chombo cha watu wa Dar es Salaam huanzia pale cheti kinapokoma.

6.0 Kinywa: Gereji kama Masijala

Baada ya bandari, masijala iliyobaki ni gereji. Fundi wa viungani hulitambua gari kwa namna tatu: kwa ugonjwa wake, kwa mtu aliyelileta, na kwa kazi aliyolifanyia. Majina ya kadi hayamo katika kumbukumbu hiyo. Kuna "gari la mwalimu", "gari la marehemu mzee" au "gari lile la hospitali", na jina hilo huendelea kutumika hata baada ya wamiliki wengine wawili. Kwa mtazamo wa sheria, majina hayo hayana uzito. Kwa mtazamo wa historia, yanahifadhi mmiliki ambaye jamii ilimtambua, na mara nyingine huyo ndiye ambaye kadi haikumtaja kamwe.

Simulizi hizi zinahitaji uchambuzi wa makini. Fundi hukumbuka matengenezo makubwa kuliko madogo, na huweka matukio kwa kuyahusisha na mengine: kabla ya vita vya Kagera, wakati wa foleni za sukari, mwaka wa El Niño. Umaarufu nao huvuta simulizi. Gari kuukuu hudaiwa kwa urahisi kuwa liliwahi kumbeba kiongozi, hasa dalali anapokuwa karibu na mnunuzi anapokuwa mgeni. Dai la namna hiyo lipimwe kwa chuma na kwa karatasi: je, mwaka wa kuundwa unaafikiana nalo? Je, rangi ya chini ni ile inayosimuliwa? Matangazo ya minada na ya kuuza magari katika magazeti kama Tanganyika Standard, Ngurumo na Uhuru, yanayopatikana katika hazina ya East Africana ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yanaweza kuthibitisha au kukanusha.

Mipaka ya utawala nayo inahitaji uangalifu. Hati ya mauziano ya miaka ya 1990 iliyoandikwa "Kinondoni" huweza kuhusu mtaa ambao leo upo Ubungo, na iliyoandikwa "Temeke" huweza kuhusu Kigamboni, kwa kuwa wilaya hizo mbili mpya zilimegwa katikati ya miaka ya 2010. Mtafiti anayefuata anuani bila kuzingatia ramani ya wakati husika hubisha hodi katika nyumba isiyo yenyewe.

Zaidi ya yote, kinywa hufichua aina ya umiliki isiyo na safu kwenye kadi. Gari huweza kuachwa gereji kwa miaka kwa sababu mwenyewe ameshindwa kulipa. Fundi hulihamisha mvua inaponyesha, hulitolea kiungo kimoja ili kuokoa gari jingine, hulirudishia kingine, na humfundishia saidia fundi wake. Si mali yake, lakini pasipo yeye lisingekuwepo. Kumwita mlinzi ni kupunguza, na kumwita mmiliki ni kuzidisha. Kiswahili cha gereji kina neno linalotosha: ni gari "lililo mkononi kwake". Kuwa mkononi ni uhusiano halisi wa kihistoria, na wasifu wa gari usiouhesabu huacha nje miaka mingi ya uhai wake.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba kumtafuta mmiliki wa awali wa gari la zamani Kinondoni au Temeke ni kazi ya kusoma hazina tatu kwa pamoja. Kadi pekee huzaa orodha ya walipa kodi. Chuma pekee huzaa orodha ya matengenezo. Kinywa pekee huzaa sifa. Zikisomwa kwa kupingana, huonesha jinsi mali ilivyotoka Uzunguni kwenda Uswahilini, jinsi sera za mwaka 1967 na 1971 zilivyoingia hadi kwenye uketaji wa usukani, na jinsi miaka ya dhiki ilivyogeuza ufundi kuwa sehemu ya umiliki.

Muda wa kufanya kazi hiyo ni mfupi. Biashara ya chuma chakavu huyanunua magari hayo kwa kilo, na mkata vyuma hasomi rangi ya chini wala namba ya chasisi kabla ya kuwasha moto. Mafundi walioyatunza katika miaka ya 1970 na 1980 wamezeeka, na wengine wametangulia mbele ya haki. Hivyo basi, inapendekezwa kwamba vibao vya namba, hati za mauziano na stika zilizobaki katika gereji zipigwe picha na kuorodheshwa, kwamba simulizi za mafundi zirekodiwe kwa majina ya kazi zao na magari yao kwa ridhaa yao, na kwamba majalada ya mirathi yatazamwe kama chanzo cha historia ya vitu. Kijiji cha Makumbusho, kilichopo Kinondoni tangu mwaka 1966, kimehifadhi nyumba za jadi za jamii mbalimbali za Tanzania. Gereji ya chini ya mwembe nayo ni makazi ya maarifa ya Kitanzania, na inastahili kuhesabiwa.

Rolls-Royce la Makumbusho ya Taifa litaendelea kujulikana lilikuwa la nani. Gari lililo juu ya matofali Tandika litajulikana iwapo mtu atamuuliza fundi aliye kando yake kabla mizani ya chuma chakavu haijafika.